Kidole Gumba cha Désiré

Tangu Jumatatu funguo za atelie, karakana yetu, ziko kwenu wanafunzi wangu, nami asubuhi naamka bila kujua mikono niiweke wapi. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, hasa ya maneti, vile vishikio vya kuchezea michezo ya televizio, maana zile zinazowashinda bado mnaniletea nyumbani. Nitaandika. Lakini siwezi kueleza maneti bila kumtaja Désiré, na kila nikimtaja Désiré moyo unanichoma, hata leo. Mtavumilia.

Kazi niliianza kwa baba yangu, Papa Paluku, fundi wa redio hapa Butembo, kabla ya vita vya kwanza. Atelie ilikuwa chumba kimoja cha mbao karibu na soko. Siku ya kwanza baba alinipa redio iliyokufa na turnevisi ya kufungulia skurubu, akasema, "Fungua. Tazama." Jioni akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu nimeona vumbi.

"Ni muzuri," akasema. "Kesho utaona ingine."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu, siku hiyo na miaka iliyofuata. Baba hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kubana maneno kama wengine wanavyobana sukari.

Umeme haukuwepo mjini. Fero ya kulehemu ilikuwa kipande cha shaba chenye mpini wa mti, tukiichomeka kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Kujua kama imepata moto, unaisogeza karibu na shavu, bila kuigusa. Alama niliyo nayo hapa chini ya jicho ni ya siku niliyosogeza mno. Ninyi mna fero zinazoonyesha joto kwa namba, na bado mnaunguza sakiti.

Kilichonisumbua sana siku zile kilikuwa kizungushio cha sauti. Redio ikizeeka, ukikizungusha kinakwaruza, sauti inaruka juu, inazama, inaruka tena. Nilimwuliza baba sababu. Akasema, "Fungua." Nikafungua. Ndani mna njia nyeusi ya kaboni iliyopinda kama kwato, na kidole kidogo cha chuma kinachotembea juu yake. Kidole kikiwa mwanzo, sauti ni ndogo. Kikisogea, sauti inakua kidogo kidogo. Njia ikichafuka au ikilika, kidole kinajikwaa. Niliyagundua peke yangu, nikakimbia kumwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi yake. Nilifurahia kile kichwa wiki nzima.

Kisha vita vikaja, vikaenda, vikarudi. Sitasema uongo, vilituletea kazi. Kila nyumba ilitaka redio inayosema, ijulikane ni nani amechukua mji gani na barabara gani imefungwa. Na wafanyabiashara wetu hawakulala. Hata waasi walipoukamata mji, mizigo iliendelea kupita mpaka wa Kasindi: vitenge, pikipiki, televizio, na pamoja na televizio hizo, kama mtoto mgongoni, mashine za michezo.

Désiré alitokea wakati huo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mtoto wa mwalimu, na alikuwa amekimbia mabomu ya Kisangani. Alitembea msituni pamoja na watu asiowajua mpaka Beni, kisha akafika kwetu, akalala parokiani. Alisimama mlangoni pa atelie na viatu visivyofanana, akasema, "Papa, naweza kufagia."

Baba hakuhitaji mfagiaji. Kufagia nilifagia mimi. Lakini akampa ufagio.

Hazikupita siku nyingi, akaja Kasereka, mfanyabiashara aliyekuwa amefungua sale ya jeu, chumba cha michezo ya televizio kwa jenereta, ng'ambo ya barabara, watoto na askari wakilipa kucheza. Aliweka maneti mezani kwangu.

"Kavira, hii imekufa. Mashine inasema hakuna maneti."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufungua kitu kile. Nikatoa skurubu, nikafuta vumbi, nikapima waya mmoja mmoja kutoka plagi hadi sakiti. Zote nzima. Nikalehemu upya hata mahali ambapo hapakuwa na shida. Asubuhi yote ikaniishia hapo. Désiré alikuwa anafagia miguuni pangu, polepole kuliko uchafu ulivyotaka.

"Yaya Kavira," akasema, yaani dada mkubwa, "funga kwanza. Papa Kasereka, ile taa yake nyekundu ilikuwa inawaka?"

"Inawaka, ndiyo," Kasereka akajibu. "Si njo alama kama iko nzima?"

Tukavuka barabara sote, na baba pia, ambaye hakuwa na desturi ya kuvuka barabara kwa ajili ya mteja. Désiré akachomeka maneti, akaminya kwa kidole gumba kitufe kidogo kilicho katikati. Taa ikazimika. Akaminya kingine, na kwenye televizio mpiganaji aliyekuwa amesimama kama mti akarusha teke.

Sasa someni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mnapofungua maneti isiyo na ugonjwa. Taa ikizimwa, maneti iko dijitali. Kila kitufe kinajua maneno mawili tu: nimeminywa, sijaminywa. Ni kama kiwashio cha redio, hakuna katikati. Vile viyoga viwili vya kusukuma kwa vidole gumba vinalala. Unaongoza kwa msalaba wa mishale. Taa ikiwashwa, maneti iko analogi, viyoga vinaamka. Ndani ya kila kiyoga mna vizungushio viwili vidogo, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini, ndugu kabisa wa kile cha sauti ya redio. Kiyoga hakisemi tu kwamba kimesukumwa; kinasema kimesukumwa kiasi gani. Gari la mchezo linakunja kidogo ukikunja kidogo. Kwa mishale, linakunja lote au halikunji kabisa. Na michezo ya zamani ilitengenezwa kabla viyoga havijakuwepo. Taa ikiwaka, maneti inajitambulisha kwa jina ambalo mchezo haujawahi kulisikia, na mchezo unasema hakuna mtu mlangoni. Kuna na michezo inayojichagulia hali yenyewe, ukiminya kitufe hata kutwa taa haibadiliki. Hiyo nayo si ugonjwa.

Désiré alimweleza baba hayo kwa njia yake, na baba akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu mama azikwe. Akamshika bega, akaanza kumweleza habari ya kizungushio cha sauti, njia ya kaboni, kidole cha chuma, kwa nini kinakwaruza, kisafishwe kwa kitu gani, wakati gani usikiguse. Yote. Maneno niliyoyangoja miaka, akayamwaga pale kwa mwenye ufagio, na mimi nimesimama kando nimeshika skurubu nne.

Kuanzia siku hiyo ufagio ulirudi kwangu. Désiré akapewa kiti cha dirishani, penye mwanga. Wateja walichungulia mlangoni, wakaniona, wakauliza, "Désiré haiko?" Nikiwaambia waniachie mimi, walisema hapana, watarudi. Saa ya chai baba alimega mkate, kipande cha kwanza kikaenda dirishani. Nilikuwa mama wa watoto wawili, mume wangu yuko Mangina na kakao yake, na nilihesabu ukubwa wa vipande vya mkate kama mtoto wa shule ya msingi. Ubaya ni kwamba Désiré hakuwa na kiburi cha kunipa sababu. Aliniita yaya, aliniletea maji, aliniuliza habari za watoto. Ningependa angekuwa mbaya.

Nilichofanya ni kumtazama. Baba alinifundisha hilo tu, nami nilikuwa nalo la kutosha. Nilitazama anavyoishika maneti kabla ya kuifungua, anavyozungusha kiyoga pole kwa pembezoni akisikiliza kwa ngozi, anavyokiachilia kuona kama kinarudi katikati. Kidole gumba kile nilikijua kuliko mama aliyemzaa. Sikumwuliza swali hata moja. Ningeuliza, angejibu, na angejibu vizuri.

Kasereka alifungua sale ya pili Beni, katika komini ya Ruwenzori, na Désiré akawa anapanda huko mara kwa mara kuzitengeneza maneti. Safari moja hakurudi. Kasereka ndiye aliyekuja, uso umempauka.

"Wamemubeba," akamwambia baba. "Komanda moja alikuya kucheza, maneti ikakataa, Désiré akaishika tu, ikapona. Komanda akasema huyu mutu hapana kubaki hapa. Wakamupakia mu pick-up. Iko Mutwanga, kwa kambi."

Baba aliweka fero chini. Hakuiweka kwenye makaa wala kwenye kipande chake cha bati. Aliiweka mezani, mbao zikaanza kufuka moshi, na mimi ndiye niliyeiondoa. Siku zilizofuata hakufungua redio hata moja. Chakula alikigusa, akakisukuma. Mwaka uliotangulia mimi nililazwa na malaria hadi nikapoteza fahamu, na baba alifungua atelie kila siku kwa saa yake. Nililikumbuka hilo, nikalikumbuka tena wakati namwondolea sahani.

Akasema atakwenda Mutwanga mwenyewe. Goti lake halikumruhusu hata kwenda sokoni.

"Papa, nitaenda miye," nikamwambia.

Akanitazama. "Utasema nini?"

"Sijui. Nitaona."

Nilipanda motari, pikipiki ya abiria, mpaka Beni na nyingine kuelekea Mutwanga, kupitia vizuizi ambako kila askari alitaka kujua mwanamke na kifuko cha turnevisi anaenda wapi. Niliwaambia kweli: naenda kutengeneza maneti ya komanda. Hakuna uongo ambao ungenifikisha haraka kama huo ukweli.

Komanda alikaa katika nyumba ya mkulima mmoja aliyekimbia, milima iko juu yake imefunikwa na ukungu. Ndani mlikuwa na televizio ya jenereta, mashine, na askari wamekaa chini kwenye mikeka. Désiré alikuwa katikati yao. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliinamisha macho haraka, kama mtu anayeficha kitu cha thamani.

"Yo nani?" Komanda akaniuliza kwa Lingala mimi ni nani, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha mbali. Alikuwa mtu wa mkoa wa Équateur. "Unatafuta nini, mama?"

"Niko fundi, Komanda. Nilisikia maneti zinawasumbua."

"Hazisumbui tena. Nina huyu. Ana dawa mu mikono. Akitoka kwenda kuoga, maneti zinakufa. Akirudi, zinafufuka. Nitamuachaje?"

Nikakaa pembeni, nikatazama. Haikuchukua muda nikaelewa. Komanda alipenda mchezo wa magari. Askari wake walipenda ule wa zamani wa kupigana. Kila walipobadilisha diski, hali ya maneti ilikuwa haifai tena. Wanaume wazima walipiga maneti kwenye goti, wakalaani, wakampa Désiré. Naye akageuka kidogo kama anayekohoa, kidole gumba kikaminya katikati, akairudisha imepona. Hakuwaambia siri. Ile taa ndogo walidhani ni ya kupimia betri.

Walipotoka kuvuta sigara nilimsogelea.

"Kwa nini huwaambii?"

"Yaya, usiseme," akanong'ona. "Wakijua, nitakuwa wa kazi gani kwao? Walimufukuza mupishi kwa risasi, nasikia. Siri hii njo inanilisha."

"Siri hii njo inakufunga."

"Afazali kufungwa."

Nilikuwa na hofu kama yake. Lakini nilijua pia kwamba hakuna mtu anayeachilia dawa yake iende zake. Komanda aliporudi nikaomba maneti. Nikamwonyesha kitufe. Nikamwambia awashe, azime, awashe. Nikamweleza kwa redio, kwa sababu kila askari anaijua redio: taa imezimika, ni kiwashio, ndiyo au hapana, taa inawaka, ni kizungushio cha sauti, kidogo kidogo. Mchezo wa kupigana, zima. Mchezo wa magari, washa. Yeye mwenyewe akaendesha gari kwa mishale, likagonga ukuta kona ya kwanza. Akawasha taa, akashika kiyoga, gari likapita kona kama maji. Akaizima, akagonga tena kwa makusudi. Akacheka. Askari wakagombania kujaribu.

Maneti ya pili ilikuwa na ugonjwa wa kweli: gari lilivutwa kushoto bila kuguswa. Nikaifungua mbele yao. Njia ya kaboni ilikuwa imejaa uchafu. Nikaomba lotoko, ile pombe kali ya mahindi, na askari mmoja akaniletea kwa huzuni kama anayetoa damu. Nikasafisha, nikakausha kwa pumzi, nikafunga. Gari likanyooka. Désiré alikuwa ananitazama mikono. Nitasema wazi kwamba niliifurahia ile dakika, huko mahali ambapo mtu hakupaswa kufurahia chochote.

Kisha Komanda akaweka maneti chini, akamgeukia Désiré.

"Kumbe ni kidole tu," akasema. Hakuwa anacheka tena. "Mwezi muzima unanifanya mujinga mbele ya watu yangu. Sasa huyu ni wa kazi gani?"

Askari aliyekuwa mlangoni akasimama wima. Désiré alinitazama, na macho yake hayakuwa na lawama, yalikuwa yananiuliza tu kama nina neno.

Nilikuwa nalo moja. Nilikuwa nimekataa kulisema tangu siku ya ufagio.

"Ni ndugu yangu, Komanda," nikasema. "Ni mutoto wa papa yangu. Muzee hapana kula tangu mulimubeba. Alikuficha ile kitufe juu ya woga, hapana zarau. Uniachie nimurudishe kwa baba yake."

Komanda alitutazama, mmoja hadi mwingine. Hatufanani hata kope. "Mutoto wa baba yako," akasema polepole.

"Ule anamupenda kupita sisi bote."

Sijui ni nini alichokisikia ndani ya maneno hayo. Huenda naye alikuwa na ndugu kwao, wa kupewa kipande cha kwanza. Alichukua maneti, akawasha taa, akasema bila kugeuka, "Muende kabla sijabadilisha mawazo. Hiyo turnevisi ndogo unaiacha."

Niliiacha. Ilikuwa nzuri, ya sumaku.

Njiani, karibu na Maboya, motari ikipumzika, Désiré aliniambia, "Wasingya, yaya." Ndiyo asante kwa Kinande, lugha yetu; alikuwa ameijifunza kuliko baadhi ya watoto wetu. Nikamwambia aangalie mfuko wangu usianguke.

Baba alikuwa amekaa nje ya atelie. Alituona tukishuka, akainuka na lile goti, akapita mbele yangu, akamkumbatia Désiré mpaka kofia ikamwanguka. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayetafuta ufa kwenye redio. Baadaye sana ndipo aliponiona.

"Kavira," akasema, "fero iko baridi."

Nikaenda kuwasha mbabula. Makaa yalikuwa mabichi, yalitoa moshi mwingi, na hilo lilinisaidia.

Vita vilipopoa kidogo, Désiré aliondoka. Alipata kazi Kampala, akaoa huko, ana duka kubwa la kutengeneza simu. Alimwandikia baba, na baba alinifanya nizisome barua zake kwa sauti, mara mbili mbili. Mimi nikahamia kiti cha dirishani. Kilikuwa kimechukua umbo la mtu mwingine.

Baba aliendelea kuja atelie hata macho yalipokwisha na masikio kupungua. Nilimkalisha karibu na joto la mbabula. Alipenda harufu ya lehemu. Asubuhi moja katika miezi yake ya mwisho nilikuwa karibu naye na maneti mkononi, nazungusha kiyoga kwa pembezoni polepole, nakiachilia, nakizungusha tena. Baba akasikia ule mlio wa kiyoga, akainua kichwa.

"Désiré?"

Nilitaka kumwambia ni mimi. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo sikutaka kuwa mtu wa kuufunga.

"Ndiyo, papa," nikasema, sauti nimeishusha.

"Kavira alishatoka?"

"Alishatoka."

Akanyoosha mikono kwenye makaa. "Ule mutoto njo fundi," akasema. "Weye unajua kazi, lakini mikono yake inakupita. Inapita na yangu. Nilimuona tangu siku ya kwanza. Usimuambie, ataacha kujifunza."

"Hapana, papa," nikamwambia. "Sitamuambia."

Nikachukua fero kwenye makaa, nikaendelea kulehemu, ingawa sikuona vizuri nilichokuwa nalehemu.

Siku ya maziko Désiré alikuja kutoka Kampala na gari lililojaa maua. Alilia kuliko sisi tuliozaliwa na baba. Aliniuliza kama mzee aliacha neno lolote kwa ajili yake. Nikamwambia alimtaja hadi mwisho, na hiyo ni kweli. Yale mengine sikumpa, na sijampa hadi leo. Baba aliyasema kwa jina lake, lakini ni yangu.